Ntumba za Mama na Mawaridi ya Sofia

Siku ya nne tangu nifike Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, nilibomoa matuta saba ya bustani ya jiji, mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa nimevaa tai. Polisi aliitwa. Nilipoulizwa kama nilikusudia kuharibu mali ya umma, nilijibu kwa namna ambayo kila aliyekuwa pale alielewa kwamba ndiyo, nilikusudia.

Habari hii ilifika Sumbawanga kabla yangu. Tangu nirudi, kila nikikaa Katandala naulizwa, na nikienda Majengo kununua sabuni naulizwa tena. Wengine walisikia nilifungwa. Mmoja alisikia nilifukua kaburi. Basi nimeona niandike yote kwa mpangilio, kwa sababu kisa hiki hakikuanzia Sofia. Kilianzia shambani kwa mama. Mambo ya fomu, pasi na chanjo nayaruka. Hayana utamu kwa mtu yeyote.

Kutoka nyumbani

Ninyi Wafipa wenzangu mnajua ntumba ni nini, lakini wapo rafiki zangu waliotoka Mbeya kuja kufanya kazi hapa mjini ambao hawajawahi kushika jembe la kwetu. Kwa ajili yao naeleza. Mvua zikikaribia kwisha, tunang'oa nyasi na kuzifunika kwa udongo, tunapata vilima vya duara vinavyofika magotini. Hizo ndizo ntumba. Nyasi zinaoza humo kiangazi chote. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikilainisha ardhi, tunazibomoa, tunatandaza ule udongo mweusi na kupanda ulezi. Wakati ukipita bila kubomoa, kazi ya mwaka mzima imepotea.

Mwaka wa safari yangu tulijenga wawili tu, mimi na mama. Baba alikuwa ameshafariki na dada yangu Yustina alikuwa na mtoto mchanga. Tulijenga safu tano kwenye mteremko unaotazama milima ya Mbizi. Mama alikuwa akiumwa mgongo, kwa hiyo nilimwahidi kwamba kubomoa kutakuwa kazi yangu. Niliahidi kwa sauti, Yustina akisikia.

Halafu katika juma moja yakaja mambo mawili. La kwanza, nilitakiwa kuwa Dar es Salaam ndani ya siku kumi ili nisafiri kwenda masomoni. La pili, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kutueleza kwamba nyumba zetu zilizotawanyika zitahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

"Mama Yustina," alisema, "lori litakuja. Mtabeba kila kitu."

"Na ntumba zangu, Ndugu Balozi, lori litazibeba?"

"Huko mtagawiwa shamba, mama. Karibu na shule, karibu na zahanati."

"Nimekuuliza ntumba."

Balozi alivua kofia akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Yeye mwenyewe alikuwa na ntumba zake ng'ambo ya bonde, na zilikuwa nzuri kuliko zetu.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa bado. Nilichukua jembe nikajaribu kubomoa safu ya kwanza hivyo hivyo. Udongo ulikuwa kama tofali. Mama alikuja akanishika mkono.

"Kavu haibomolewi, Didasi. Unamwaga vumbi tu. Weka jembe chini."

"Nani atazibomoa?"

"Nenda. Gari haitakungoja."

Alinipa unga wa ulezi kwenye kifuko cha kitambaa, migebuka mikavu minne, samaki wa Ziwa Tanganyika, na koti la marehemu baba. Hakulia. Aliniambia nisiache kula, kisha akageuka kufukuza kuku ambao hawakuwa wanafanya kosa lolote.

Sumbawanga hadi Mbeya

Msafiri mwenzangu aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa, mtoto wa karani aliyehamia Sumbawanga kikazi. Tulichaguliwa pamoja. Alikuwa na sanduku la chuma, kamusi ndogo, na maneno yasiyokwisha.

Mvua ilianza siku ile ile tuliyopanda basi. Nakumbuka tone la kwanza likipiga kioo, watu wote ndani wakashangilia, nami nikainamisha kichwa. Kabla ya kufika Laela, ambako mvua ilikuwa imetangulia kwa siku kadhaa, basi lilizama kwenye tope hadi nusu ya magurudumu. Tulishuka kusukuma. Halikutoka. Utingo alikata matawi, dereva akamtukana utingo, abiria wakamtukana dereva, mchana ukapita.

Pande zote mbili za barabara watu walikuwa mashambani wakibomoa ntumba. Mlio wa jembe likiingia kwenye udongo uliooza haufanani na mlio mwingine. Ni mzito na mlaini. Mama mmoja aliyefunga khanga kiunoni alisimama karibu na barabara akatutazama, sisi na viatu vyetu vipya.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Mnakwenda wapi ninyi mliovaa hivyo siku ya kazi?"

"Ulaya, mama. Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kilimo," nilisema.

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Akawaita wenzake, "Njooni mwone! Huyu anakimbia kulima ili akasome kulima!" Walicheka wote, na Ambakisye akacheka kuliko wote. Kisha yule mama alituletea viazi vilivyochemshwa na maharage, tukala tumesimama, mvua ikinyesha kwenye sahani. Nilimwomba jembe nibomoe hata moja. Alikataa. Alisema mgeni hamalizi kazi, anaivuruga tu.

Tulitoka pale siku ya pili yake, tukivutwa na lori la mahindi.

Mbeya hadi Dar es Salaam, na Kairo

Mbeya tulilala kwa shangazi yake Ambakisye, tukala ndizi na maziwa. Njia ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya lami, na jambo kubwa la kueleza ni kwamba tembo walisimama barabarani kule Mikumi na dereva akazima injini kwa heshima. Dar es Salaam kulikuwa na joto ambalo mimi, niliyezaliwa kwenye upepo wa Ufipa, sikuliweza. Nilibeba koti la baba mkononi, watu wakinicheka.

Kairo tulichelewa siku nzima. Ndege yetu ya pili ilikuwa na hitilafu. Ofisa mmoja alifungua kifuko changu cha unga, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akamwita mwenzake naye akaonja. Walibishana kwa Kiarabu. Niliwaonyesha kwa mikono jinsi ya kusonga ugali. Mmoja akanionyesha kwa mikono jinsi ya kupika uji, akaniuliza kwa macho kama ni hivyo. Nilikubali. Alinifungia kifuko vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunga mimi.

"Unga wako una kibali kuliko sisi," Ambakisye alisema.

Sofia, siku tatu za kwanza

Nilidhani naijua baridi. Kwetu wazee hushinda na makoti mwezi wa sita. Sofia nilijifunza kwamba ile yetu ni baridi changa.

Mji ni mkubwa. Barabara za katikati zimetandazwa matofali ya manjano, yanateleza kama sabuni mvua ikinyesha. Mabehewa ya umeme yanapita kwenye reli katikati ya watu, na kila mtu anajua atashuka wapi isipokuwa sisi. Lakini ukiinua macho mwisho wa barabara unaona mlima, mrefu, umelala upande mmoja wa mji kama Mbizi ilivyolala upande wa Sumbawanga. Siku ya kwanza niliuona nikasimama. Ambakisye aliendelea kutembea akizungumza peke yake mpaka alipogundua sipo.

Mwalimu wetu wa lugha alituonya mapema: Wabulgaria wakitikisa kichwa huku na huku wanakubali, na wakiinua kichwa juu wanakataa. Tulicheka darasani. Siku hiyo hiyo tuliingia duka la mkate tukauliza kama mkate upo. Muuzaji aliinua kichwa na kukishusha. Tukashukuru, tukasimama kungoja. Tulingoja mpaka alipoanza kufunga duka. Kumbe alisema hakuna.

Siku ya tatu, kwenye kibanda karibu na bweni, niliona watu wakinywa kitu kizito, rangi ya kahawia. Kinaitwa boza. Nilinunua glasi moja nikaonja, nikaiweka mezani.

"Vipi? Chungu?" Ambakisye aliuliza.

"Togwa," nilisema.

"Acha mzaha."

"Onja."

Alionja. Muuzaji alitueleza kwa ishara kwamba hutengenezwa kwa nafaka ndogo. Alichukua kiganja chake akatuonyesha udogo wa punje. Ambakisye alinitazama usoni.

"We Mfipa, usinililie hapa kwa sababu ya glasi ya togwa. Watu wanatuangalia."

Sikulia. Nilihesabu tu kichwani kwamba nyumbani mvua ina majuma mawili sasa, na kwamba ntumba za jirani zetu zote zitakuwa zimeshabomolewa.

Siku ya nne

Tulikwenda kutembea kwenye bustani kubwa ya jiji. Nilivaa tai kwa sababu tulipanga kupiga picha ya kupeleka nyumbani. Tulipita chini ya miti iliyopukutika, tukakata kona, na pale mbele yangu kulikuwa na ntumba.

Nasema ntumba kwa sababu ndicho nilichokiona. Vilima vya duara vya udongo mweusi, vinafika magotini, vimepangwa safu kwa safu, majani makavu yakichungulia chini. Udongo ulikuwa laini kwa mvua ya usiku. Mwezi ulikuwa wa kumi na moja. Na jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye benchi, mwenyewe hayupo.

Nitasema ukweli, maana ndicho mlichoniuliza. Nilijua kwamba lile si shamba la mama. Nilijua pia kwamba nipo mjini, na kwamba sikutumwa. Lakini nilifikiri: hawa nao wanajua. Watu wanaokunywa togwa hawashindwi kujenga ntumba. Wamezijenga, na wakati umefika, na hakuna anayezibomoa. Nikalishika jembe.

"Didasi, tupige picha," Ambakisye alisema nyuma yangu.

"Subiri kidogo."

Nilibomoa ya kwanza kama nilivyofundishwa, kuanzia juu, nikitandaza pande zote. Ndani mlikuwa na vishina vilivyokatwa vifupi, vina miiba. Nilidhani ni magugu yaliyofukiwa yaoze. Nilivikung'uta udongo, nikaenda kwenye ya pili. Mikono ilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Watu walianza kusimama. Mtoto alinyoosha kidole. Ambakisye aliacha kusema, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikuwa kwenye ya saba.

Ndipo nikasikia ukelele. Bibi mmoja mnene, kilemba kichwani, alikuja mbio na chupa ya chai mkononi. Alipiga magoti kwenye udongo akashika kimoja cha vile vishina kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto mgonjwa.

Yalikuwa mawaridi. Huko mawaridi hufunikwa udongo kabla ya baridi kali, yasife kwa barafu. Yeye na wenzake walikuwa wamemaliza kuyafunika siku ile ile.

Nilifanya lile ambalo ningemfanyia mama mzima wa kwetu niliyemkosea: nilichuchumaa, nikakutanisha viganja na kupiga makofi taratibu. Kwetu hiyo ni heshima. Pale watu walinong'ona kwa hasira. Waliona mharibifu akijipigia makofi.

Polisi alifika. Kijana mwanafunzi aitwaye Plamen, aliyejua Kiingereza, alijitolea kutafsiri.

"Anauliza, ulikusudia kuharibu?"

Nilitikisa kichwa kwa nguvu, huku na huku, kukataa kabisa.

Watu wakaguta. Bibi akanipokonya jembe. Ambakisye alipiga kelele kwa Kiswahili, "Kichwa, Didasi! Kichwa!" Nikajirekebisha kwa kukiinua na kukishusha, lakini sasa nikaonekana nimesema ndiyo, kisha hapana. Plamen ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kucheka, akamweleza polisi, polisi akacheka, na mwishowe tukabaki wawili tu ambao hatukucheka, bibi na mimi.

Asubuhi na Bibi Stanka

Polisi aliamua nirudi kesho yake asubuhi nitengeneze nilichoharibu. Nilirudi, nimevaa koti la baba, bila tai. Bibi alijielekezea kidole kifuani: Stanka. Nikajielekezea: Didasi. Kisha alinipa jembe na kusimama karibu, tayari kunikemea.

Hakunikemea. Nilirudishia majani kwenye mashina, nikapandisha udongo, nikauzungusha na kuupigapiga kwa bapa la jembe mpaka ukakaa. Alizunguka kilima kile akakitazama pande zote. Akaenda kwenye kimoja alichokijenga yeye, akakisukuma kwa mguu, kikamomonyoka. Akasukuma changu. Kilikaa. Alisema neno moja, na siku ya pili akanipeleka kwenye safu zake zote nizirudie.

Nilifanya hivyo asubuhi tatu. Tulizungumza muda wote, yeye kwa lugha yake, mimi kwa Kifipa, kwani Kiingereza na Kiswahili vyote havikumsaidia, na Kifipa angalau kilinisaidia mimi. Nilimweleza mama na safu tano. Alinieleza mambo marefu ambayo sikuyajua mpaka asubuhi ya mwisho, Plamen alipopita njiani kwenda darasani.

"Anasema alikuwa mkulima," Plamen alitafsiri. "Mashamba ya kijijini kwao yaliunganishwa kuwa shamba la wote. Akaja mjini kwa mwanawe. Anasema wewe una mkono wa mtu aliyeacha kazi katikati."

"Muulize," nilisema, "kama aliwahi kurudi kuliona shamba lake."

Plamen aliuliza. Bibi Stanka alitikisa kichwa polepole, huku na huku. Nilimhurumia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa pole ndipo nikakumbuka niko wapi. Alikuwa amerudi.

Niligeuka kumwuliza alikuta nini, lakini Plamen alikuwa ameshakimbilia gari la reli, na mimi kwa lugha yake nilijua mkate, asante na boza.

Barua

Barua ya kwanza ya Yustina ilinifikia theluji ikiwa imefunika vilima vyote vya bustani. Lori lilikuja siku tatu baada ya mimi kuondoka. Walibeba mlango, jiwe la kusagia, kuku na kitanda. Mama alikaa mbele na dereva kwa sababu ya mgongo. Alimalizia: "Mama anakusalimu, anasema ujifunike vizuri."

Hakuna neno juu ya ntumba. Niliandika kuuliza. Alijibu kwamba mtoto ameota meno. Niliuliza tena, nikapigia mstari. Alijibu: "Hayo tutazungumza ukija."

Nilikaa miaka mitano. Kila mwezi wa kumi na moja nilikwenda kumsaidia Bibi Stanka kufunika mawaridi, na lugha nilipoijua nilimwuliza swali langu. Alijibu kwamba alikuta nyasi.

Kurudi

Mama nimemkuta ana mvi, nyumba yake iko mstari wa pili kutoka barabarani, mlango ni ule ule wa zamani. Nilikula ugali wa ulezi mpaka nikashindwa kuinuka. Siku ya pili nilimwuliza.

"Mvua ya kutosha kulainisha udongo ilitukuta tuko kwenye lori," alisema. "Mgongo ulikataa. Kule sijakanyaga tena."

"Yustina?"

"Na mtoto mgongoni, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi? Hapana."

"Sasa mwaka ule mlikula nini?"

Alinitazama kana kwamba namfanyia mchezo. "Si ule ulezi uliotuletea."

"Mimi?"

"Wakati wa mavuno niliamka nikakuta kikapu mlangoni, ulezi umejaa mpaka juu. Mwekundu, wa mbegu yetu, naujua. Nikasema Didasi amelipa mtu abomoe. Nikamwambia Yustina asikuandikie, usije ukaona haya kwamba umegundulika."

Nilimwambia kwamba sikuwa nimemlipa mtu. Sikuwa nimemwandikia mtu yeyote juu ya ntumba isipokuwa Yustina.

Kesho yake tulitembea na Yustina hadi shamba la zamani. Nyumba imeanguka. Kwenye mteremko, safu mbili za juu bado zipo, vilima vimeota nyasi, hakuna jembe lililovigusa. Safu tatu za chini ni tambarare. Zimetandazwa na mtu anayejua kazi, na mawe yaliyookotwa humo yamerundikwa pembeni, kama tunavyofanya kwetu. Ng'ambo ya bonde ntumba za balozi zote zimesimama, hazikubomolewa hata moja. Yeye alihamia Namanyere na alifariki mwaka juzi.

Nimeuliza kijiji kizima. Nimeuliza Katandala, nimeuliza kwa wanunuzi wa nafaka Majengo. Hakuna anayejua. Kikapu kipo kwa mama, amekitundika juu ya jiko, msuko wake si wa mtu wa kwetu tunayemfahamu. Mama hakitumii. Anasema kina mwenyewe, na tangu mavuno yale hajatokea.